Viatu vya Misumari Vibaki Kabatini

Ofisi ya Chama cha Riadha,
Chumba cha nyuma, karibu na stoo.
Jumapili, 9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Hujambo huko mbali? Na mguu wako wa kushoto, baridi inauruhusu kupanda ngazi? Sisi tu wazima. Baba kikohozi kimemwachia, na Mama anakuulizia kila simu ikilia. Mimi naendelea, ila usingizi umenipa kisogo, na sababu ndiyo hii.

Mdogo wangu, Treni wetu, sasa ndiye tegemeo la chama katika mita mia nane. Kocha amempangia mwaka mzima. Miezi hii ni ya kujenga msingi: mbio ndefu za polepole, vilima, kunyanyua vyuma. Baadaye atafundishwa kasi, kisha mashindano madogo, na Agosti ni mbio za kuchagua timu ya taifa. Baada ya hapo atapumzika kabisa. Ukimwona sasa utacheka. Juzi alipitwa na muuza maziwa mwenye baiskeli iliyojaa madumu. Akamuuliza, "Treni, leo umepakia nini?" Naye akamjibu, "Nimepakia Agosti, kaka."

Kocha ana desturi yake. Miezi ya msingi ikianza, hukusanya viatu vya misumari vya wakimbiaji wote na kuvifungia katika kabati la chuma ofisini kwangu, asije mtu akashikwa na hamu ya kasi kabla ya wakati. Ufunguo nakaa nao mimi.

Alhamisi, Kocha akiwa amesafiri kumuuguza mama yake, Mwenyekiti aliingia. Mfadhili mmoja anazindua duka Jumamosi ijayo. Anataka mbio, anataka Treni, anataka picha.

"Karani, fungua kabati."

Shangazi, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikijificha nyuma ya mlango mgeni akipiga hodi. Nilisimama mbele ya kabati. Nikasema, "Samahani, mzee. Sifungui mpaka Kocha arudi."

"Mbio moja tu! Wewe na miguu ya watu wapi na wapi? Kazi yako ni kupiga mihuri."

"Ndiyo, mzee. Na kutunza kabati."

Sijui jibu lile lilitoka wapi. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema Jumatatu asubuhi, yaani kesho, nifike mbele ya kamati na ufunguo, la sivyo nikusanye vitu vyangu. Vyenyewe ni kikombe na sweta, havitanichelewesha.

Hata hivyo niliogopa. Nilimwambia Treni labda akimbie taratibu tu, tuiokoe kazi yangu. Akanikazia macho. "Dada, miguu bado imejaa vilima. Wakiniwekea vile viatu mbele na watu wakaanza kushangilia, nitavivaa na nitakimbia kweli. Unadhani Kocha anavifungia kwa nini?"

Hapo nikakukumbuka wewe. Enzi zako za riadha, viongozi walikukimbiza mbio kila palipokuwa na mgeni wa kufurahishwa, msimu na nje ya msimu, mpaka kano ya mguu huo wa kushoto ikakatika. Waliokupigia makofi hakuna hata mmoja aliyefika hospitali. Mimi nilikuwa mdogo, nimebeba chupa yako ya chai, nikiutazama mlango wa wodi usiofunguliwa na mtu.

Kwa hiyo usiniandikie kunishauri niwe na busara. Nimekuwa na busara tangu nizaliwe, na tazama ilikonifikisha: chumba cha nyuma, karibu na stoo.

Kesho nitakwenda. Sauti itatetemeka, acha itetemeke. Watakapouliza ufunguo uko wapi, nitawaambia ukweli. Nimempa Mama autunze, nawe unamjua wifi yako akishakataa jambo. Waende wakamwombe.

Nisalimie Mjomba, na mwanao Kidomo, na yule mdogo asiyependa viatu. Mungu akupe majira ya joto mapema, mguu ule upate raha. Agosti ikifika, kaa karibu na redio.

Wako akupendaye, hata sauti ikitetemeka,
Karani