Asali Ambayo Hukuila

Mpendwa Baba Sabina,

Shika roho yako huko kaburini uliko, maana leo nakuomba msamaha, na unajua mimi kazi hiyo sikuizoea. Anayeshika kalamu ni Kalunde, mjukuu wako. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Barua hii nataka isomwe na watu wote hapa Igalula, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza? Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi, nikaona sisimizi wamejipanga kama wapagazi wa zamani, wanaelekea nyuma ya ghala pale ulipokojoa. Kesho yake hivyo hivyo. Nikafikiri, nikajipa jibu mwenyewe: huyu bwana anakula asali porini. Na kwetu asali ya kundi hailiwi kwenye mzinga. Inatiwa kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti, inaletwa nyumbani, inagawanywa wote wakiona. Anayelamba njiani ni mwizi tu.

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini mdomo wangu unaujua. Nilimwambia mdogo wako Maganga, naye akawaita wenzenu wote wa kurina. Ulisimama pale, mwembamba kama fito, ukaniuliza, "Mke wangu, umeniona nikila?"

"Sisimizi wamekuona," nikajibu.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ukanyang'anywa kilindo. Tangu siku ile wewe ulipanda mti na kutoa masega, mwingine akabeba. Ukaapa hutalamba asali tena, na hukulamba. Mrina asali asiyeonja asali! Nikiitia kwenye uji, ulikuwa unasogeza bakuli upande wangu: "Kula wewe na sisimizi wako." Mimi nacheka, nadhani ni hasira za mwizi aliyekamatwa.

Kisukari kilipokupata, watu walisema ni ile asali. Na mimi nilisema. Hapo ndipo panaponiuma.

Sasa sikia. Mwaka jana Kalunde naye alikutwa na sukari. Binti wa miaka ishirini, hana nyama hata ya kumtilia mbwa, akaanzishiwa sindano kila siku. Alilia kila alipojichoma, halafu akaanza kuziruka kwa siri. Nikaona huyu nitamzika. Nikampandisha treni mpaka Tabora mjini.

Daktari wa pale ni kijana mwenye adabu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Niambie, mtoto mwembamba hivi sukari ameitoa wapi? Babu yake alikuwa mwembamba vile vile, akaugua. Mama yake, huyo Sabina wangu, naye anaugua. Na wote hao wakikojoa sisimizi wanakuja, tena tangu hawajaugua."

"Bibi, jamani!" Kalunde akajifunika uso kwa kanga.

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Bibi, hebu rudia hapo."

Nikarudia. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa mbali, tukangoja miezi. Majibu yalipokuja aliniita mimi kwanza, akanieleza mara tatu bila kuchoka. Kila chembe ya mwili, anasema, ina kitabu kizima cha maelekezo, kile kile kwa jicho na kwa ini. Ila hakuna chembe inayokisoma chote. Kuna wasimamizi, ni protini ndogo mno, wanaokaa juu ya ukurasa na kuamuru: huu usomwe, ule ufungwe. Tumboni mwa mama ndio wanaosema hapa liote ini, hapa figo, hapa kongosho.

Nikamwambia, basi ni kama kiongozi wa msafara. Babu yangu alibeba mizigo mpaka pwani, akatusimulia: ngoma ya kiongozi ikilia, kila mpagazi anajua ainue mzigo gani, isipolia, hakuna anayeinuka. Daktari alifurahi kama nimempa kuku. Akasema viungo vikishaumbika, wasimamizi hao hawaendi zao nyumbani. Wanabaki kazini maisha yote, wakiliamuru kongosho litoe kiasi gani cha insulini ya kushusha sukari, ini liweke akiba gani ya nguvu, figo zirudishe sukari kwenye damu isimwagike.

Kila msimamizi tunaye wa baba na wa mama. Wako mmoja, Baba Sabina, ulizaliwa naye ngoma yake ikiwa imepasuka, ukamrithisha Sabina, naye akamrithisha Kalunde. Mwenzake akapiga peke yake miaka na miaka, hadi kongosho likachoka. Na figo hazikusikia vizuri tangu ujana wako, zikawa zinamwaga sukari nje ungali mzima kabisa. Sisimizi walijua kabla ya hospitali. Walikuwa wanasema kweli. Mwongo nilikuwa mimi.

Aina hii ya kisukari ina kidonge kinacholigutusha kongosho. Daktari alimsimamia Kalunde akaacha sindano taratibu, akamwita na Sabina naye aje apimwe. Kalunde ananenepa sasa. Anacheka hapa nikisema hivyo, eti hilo haliandiki.

Juzi kundi la kurina lilipojiandaa, nilienda kwa Maganga. Amezeeka, meno yamebaki ya kutishia watoto.

"Shemeji, kaka yako hakula ile asali."

"Hakula?"

"Hata tone."

Nikamweleza yote, kitabu, ngoma na figo, wenzake wakisikiliza. Akasema, "Kumbe alikuwa na mzinga wake ndani." Akaingia nyumbani, akatoka na kilindo chako, kile kile, akamkabidhi Kalunde.

Nisamehe, mume wangu. Waliporudi, mjukuu wako ndiye aliyekibeba kutoka msituni hadi uwanjani, kimejaa, wote wakiona. Asali ilipogawanywa nililia kidogo, nikala sana. Kesho yake asubuhi nilifagia uwanja. Sisimizi walikuwa nyuma ya ghala alikokojoa Kalunde, wamejipanga.

Nikawapisha wapite.

Mkeo mwenye mdomo,
Mama Sabina