Gari Limeegeshwa, Mimi Napanda Basi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila tafadhali cheka taratibu. Mimi ni fundi saa, mume wa mwalimu wa chekechea, na tangu mwaka jana ni mwenye gari, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mtaa wenye duka langu una nafasi nne tu za kuegesha na saa kumi na mbili na nusu asubuhi zimeshajaa, kwa hiyo naondoka nyumbani alfajiri, nikishaegesha nasinzia humo humo mpaka saa tatu nifungue duka, na nafasi nikishaipata, mshauri, siiachii ng'o, hata nikiwa na kazi ya kupeleka kwa mteja napanda basi na gari naliacha palepale. Juzi nilipakata saa ya ukutani, nimeifunga shuka, ikagonga saa sita ndani ya basi, abiria wote wakanipigia makofi, na kusema kweli nilifurahi kuliko siku zote nilizoendesha.

Mafuta, bima, matairi, sisemi, yanajisema yenyewe. Zamani mimi na mke wangu tulirudi pamoja jioni kwa miguu tukisimuliana ya siku nzima, sasa mimi nagombana na foleni na yeye pembeni yangu kaushikilia mlango wa gari kwa mikono miwili. Mwezi uliopita gari lililala gereji siku sita, tukarudia kutembea, tukacheka mpaka tukapitiliza nyumba yetu wenyewe, mke wangu akasema, "Bwana wee, natamani huyo fundi gari asimalize!" Sikujua kama anatania, nikaogopa kumuuliza, maana rangi alichagua yeye, na mama mkwe tunampeleka kliniki kila mwezi, na majirani wananiita Mheshimiwa. Niuze, au nitaonekana nimefilisika?

Fundi Saa

JIBU

Fundi wangu, pole. Nimecheka, tena si taratibu. Hebu jisikie: umenunua gari, kisha ukajiajiri kuwa mlinzi wake! Na hao wanaokuita Mheshimiwa, yupo hata mmoja aliyewahi kukuwekea mafuta? Acha hizo.

Mkeo hakutania. Mtu anayeshinda na watoto wa miaka minne hana muda wa mafumbo. Kuchagua rangi si kula kiapo. Nina hakika naye amenyamaza akidhani wewe ndiye unayelipenda, basi mnalitunza wote wawili kwa kuoneana haya. Watu wazima nyie!

Mama mkwe apewe heshima yake: teksi mpaka mlangoni, kwenda na kurudi, mara kumi na mbili kwa mwaka. Iweke hesabu hiyo kando ya bima peke yake, utatafuta pa kukaa. Na wewe ukae naye kiti cha nyuma, umsikilize, badala ya kutukana malori.

Sasa nisikilize. Leo funga duka mapema, umfuate mkeo shuleni kwa miguu. Mkiwa njiani, kabla hujapata kisingizio, muulize: "Tuuze?" Akikubali, kesho bandika tangazo kwenye kioo. Majirani wakija na maswali ya kufilisika, usijitetee hata kidogo. Waambie lilikuwa gari zuri, ila nyie wawili mlikuwa mmekumbukana.