Kuku Tisa Ulioniachia

Mpendwa Mama Nafula,

Nianze na kuku, kwa sababu najua ungeuliza habari zao kabla hujauliza zangu.

Ulipolala kule wodini ukaniambia, "Baba Nafula, usiuze kuku wangu," nilikuitikia haraka haraka, jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa ili apumzike. Nilidhani ni kazi ndogo. Unamwaga mahindi asubuhi, unaokota mayai mchana, unafunga mlango jioni. Mimi niliyeendesha lori miaka thelathini kutoka Mombasa hadi Malaba, ningeshindwaje na kuku tisa walio nyuma ya nyumba ya vyumba viwili hapa Bondeni?

Walinishinda, mama.

Kwanza walinikimbia. Wiki nzima baada ya mazishi, kila nilipofungua mlango wa nyuma walijibanza kwenye kona ya ua kama wameona mwewe. Hawakunijua, maana hata baada ya kustaafu sikuwahi kuwalisha. Kwao nilikuwa bado yule mgeni anayetokea mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Kisha asubuhi moja ya baridi nikavaa sweta yako ya kijani, ile yenye vifungo vikubwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Wote tisa wakaja mbio wakanizunguka miguuni. Tangu siku hiyo naivaa kila nikienda kuwalisha. Mikono yake inanifika nusu, na tumbo halifungiki. Najua ninavyoonekana.

Halafu yale mengine ambayo hukunitajia hata siku moja. Kwamba kuku anaweza kuonja yai lake mwenyewe, akalipenda, na ukichelewa dakika mbili umekosa kifungua kinywa. Kwamba mvua ikinyesha wiki mfululizo wanagoma kutaga na huna wa kumlalamikia. Sukuma wiki uliyopanda kando ya bomba waliimaliza asubuhi moja nikiwa ndani natafuta miwani. Na yule jike wa madoadoa uliyemwita Kamati, kwa sababu kila kitu lazima akikague, alipoamua kuatamia nilinyoosha mkono chini yake nikaurudisha ukiwa na damu.

La kunishangaza zaidi ni kwamba wanalala mapema. Jua likianza tu kushuka wanaingia wenyewe, wanajipanga juu ya ufito wao, na ua mzima unanyamaza. Nabaki na sahani moja, kikombe kimoja, na redio ya jirani. Hapo ndipo siku yangu huanza kuwa ndefu.

Unakumbuka walivyokuja hapa nyumbani? Nilikuwa nimekosa Krismasi kwa mara nyingine, mzigo umekwama mpakani. Nikiwa njiani kurudi nikasimama Salgaa kula, nikaona kuku watatu kwenye tenga mbele ya hoteli. Mwenye kuuza aliniapia kwamba wote ni majike. Nilikuletea hao kama msamaha. Baada ya miezi miwili mmoja wao akapanda juu ya fensi na kuwika, nawe ukacheka mpaka ukaketi chini kwenye saruji. Ukamwita Askofu kwa ile mikogo yake. Kisha ukajipangusa macho, ukasema, "Sasa angalau kuna mwanaume kwa hii nyumba."

Nilicheka pia. Sikusikia ulichosema.

Na thamosi yangu nyekundu je, ile niliyobebea chai kwenye lori mpaka kifuniko kikapasuka? Uliichukua ukaifanya ya chanjo. Nilikuwa najua juujuu tu jinsi kazi hiyo ilivyoenda: dawa ya kideri, ugonjwa ule unaomaliza kuku wa mtaa mzima, inauzwa kwa chupa ndogo ya dozi mia moja, hata kama una kuku wawili. Ukishaichanganya haingoji, lazima iishe siku hiyo hiyo ikiwa bado baridi. Na nani katika laini yetu ya nyumba ana kuku mia moja? Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu ulinunua chupa, ukaitia kwenye thamosi yenye barafu, ukazunguka nyumba kwa nyumba ukimtilia kila kuku tone moja kwenye jicho. Siku moja iliangukia nikiwa nyumbani. Ulitoka saa nane, ukarudi saa kumi na mbili kasoro, nami nimekaa pale kitini kwangu nikingoja chai.

"Kuku thelathini, masaa manne?" nikakuuliza. "Kwani unawaombea?"

"Wengine nawaombea," ulisema, ukawasha jiko.

Sasa nikuambie nilichofanya, au tuseme ambacho sikufanya. Sikununua chanjo. Tarehe ilikuwa kichwani mwako, na ulipoondoka uliondoka nayo. Ikapita miezi mitatu, ikapita sita. Tena nilikuwa nimenuna, acha niseme ukweli. Matanga yalipokwisha, majirani waliacha kuja. Mama Ciru wa nyumba ya pili, mliyekuwa mkipigiana naye kelele juu ya fensi kila asubuhi, akawa ananipungia mkono tu na kuingia ndani. Nikajiambia walikuwa watu wako, hawakuwa wangu. Mlango wa mbele nikaufunga, nikawa natumia ule wa nyuma.

Askofu ndiye aliyeanza. Asubuhi moja hakuwika. Nilimkuta amesimama peke yake, mabawa yamelegea, na kinyesi chake ni cha kijani. Kesho yake shingo ikajipinda mpaka kichwa kikatazama juu. Nilikata aloe vera nikawawekea kwenye maji, kama nilivyowahi kukuona ukifanya. Haikusaidia kitu. Siku ya sita walikuwa wamebaki wawili: Kamati, na yule mweusi ambaye hukuwahi kumpa jina.

Saba niliwazika nyuma ya tangi la maji kwa jembe lako dogo. Siku ya kukuzika wewe sikulia, watu walikuwa wengi na kila mmoja ananiambia nijikaze. Nilikuja kulia pale, juu ya shimo la kuku, nimevaa sweta yako.

Nafula alipiga simu siku hiyo. "Daddy, ni kuku tu," alisema. "Hao wawili wamebaki peana kwa jirani, ukuje ukae na sisi Ruiru. Kuna room." Alisema kwa upole, unamjua mwanao. Nilimwambia nitafikiria, lakini sikutaka kufikiria. Ulikuwa umeniomba kitu kimoja tu. Wakifa hao wawili, au nikiwagawa nikapande basi la Nairobi, itakuwa kwamba hata hicho kimoja sikukifanya.

Basi nikaenda kwa Mama Ciru kumwonya afungie kuku wake. Nilifungua mlango wa mbele, ukalia kwa kutu. Alinipokea amesimama mlangoni na taulo begani.

"Zangu ziliisha Jumapili," akasema. "Zote nane. Na za huko chini pia, karibu kila nyumba."

"Mbona hukuniambia chanjo imefika wakati wake?"

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Sasa ningekuambia aje, Baba Nafula? Hiyo kitu ilikuwa ya nyumba yenu. Tulikuwa tunangoja nyumba yenu iseme. Mtu mwingine akianza kubeba thamosi na kaburi hata haijakauka, si ataonekana anachukua kiti yake?"

"Miezi sita mnangoja?"

"Nilikuja. Mara moja nilikuja. Nikakuona kwa fensi umevaa sweta yake, unaongea na kuku. Nikarudi. Nikaambia wengine, huyo mzee bado, tumpe nafasi."

Ni kweli nilikuwa nikiongea na kuku, Mama Nafula. Nilikuwa nikiwaambia kwamba hakuna mtu anayekuja kuniona.

Laini nzima imepoteza kuku kwa kuniheshimu. Nililala na jambo hilo siku nyingi, na bado sijajua niliweke wapi.

Dada wa duka la dawa za mifugo aliniambia ningoje kwanza ugonjwa upite na watu walete vifaranga wapya. Nilingoja. Wiki iliyopita nikarudi nikaweka thamosi kwenye kaunta.

"Mzee, uko na kuku wangapi?"

"Wawili."

"Hii ni ya mia moja."

"Najua," nikamwambia. Akanitilia barafu.

Nilianza kwa Mama Ciru kwa sababu mwenyewe aliniambia wewe ulikuwa ukianzia hapo na kumalizia kwa Gogo, yule nyanya Mkalenjin wa nyumba ya mwisho. Mikono yangu imezoea usukani, haikujua kumshika kifaranga. Mama Ciru alinionyesha: unamlaza ubavu kwenye mkono, unafungua jicho kwa kidole gumba, unadondosha tone moja. Nilipotaka kumwachilia akanishika mkono. "Bado. Mpaka apepese. Mama Nafula alikuwa anangoja apepese." Kwa hiyo nilingoja. Kifaranga aliniangalia kwa jicho moja lenye maji, mimi namwangalia, mpaka hatimaye akapepesa.

Nilidhani nitamaliza kwa nusu saa. Nyumba ya tatu walinipa chai. Nyumba ya nne wakanikatalia kuondoka bila kula ndizi. Nyumba ya tano kuna kitambaa cha meza ulichowafumia, chekundu na cheupe, sikuwahi kujua kwamba unafuma. Nilikigusa kwa muda, yule mama akajifanya hanioni. Kila nyumba ilikuwa na kipande chako ambacho mimi sikuwa nacho, na kila mtu alinipa nikishike kidogo kabla sijaenda kwingine. Nilifurahi na nikaona wivu, yote mawili kwa pamoja. Kulikuwa na mke wangu ambaye watu hawa walimjua siku za katikati ya wiki, na mimi nilikuwa nikipewa yule wa mwisho wa mwezi.

Kwa Gogo nilikuta banda tupu, mlango wake umefungwa kwa waya.

"Yangu yote yalienda," alisema. "Lakini ingia."

"Nisikusumbue, Gogo. Dawa itaharibika."

"Itaharibikia kuku gani, na umemaliza nyumba zote? Keti."

Nikaketi. Alinimiminia maziwa lala kwenye kikombe cha bati, akaketi mbele yangu bila haraka. "Mwaka juzi nilikaa mwaka mzima bila kuku," akaniambia. "Bibi yako alikuwa anakuja tu, na hiyo hiyo thamosi. Anaketi hapo wewe umeketi. Nikimwambia jioni imefika, aende apike, anasema, 'Nimpikie nani, Gogo? Mzee yuko barabarani.'"

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anakukumbuka tu, na maziwa yalikuwa mazuri, nami nikaweka kikombe chini.

Ulikuwa mpweke, Mama Nafula. Miaka yote hiyo ulikuwa mpweke kama nilivyo mimi sasa, na mimi nikakuletea kuku badala ya kukaa. Nilikuwa nikisema tutakaa nikistaafu. Nilistaafu mwezi wa nne, wewe ukalazwa mwezi wa saba. Uliniambia siku ile Askofu alipowika, ukaniambia kwa mzaha ili isiniumize, nikacheka. Nisamehe. Najua neno hili limechelewa na halina pa kufika, lakini nalisema.

Nimemwambia Nafula nitakwenda Ruiru kuwasalimia, lakini nitarudi kabla ya miezi mitatu kuisha. Tarehe nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu. Kamati anaatamia tena, mayai sita niliyopewa na nyumba ya nne, ambao jogoo wao alipona, na ameshanidonoa mara mbili. Wakianguliwa, wawili wa kwanza ni wa Gogo. Yule mweusi bado hana jina. Nimejaribu kadhaa, lakini majina ulikuwa ukitoa wewe.

Siku ile ya chanjo nilitoka saa nane, na niliporudi ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Kuku walikuwa wameshaingia wenyewe. Niliweka thamosi mezani, nikavua sweta yako nikaitundika mahali pake, nikasimama nikitazama kile kiti nilichokuwa nikikalia nikikungoja. Nilikuwa nimekaa huko masaa manne, kama wewe, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza chai iko wapi.

Pumzika, mama. Wako hai wawili.

Mumeo,
Baba Nafula