Komando Haendi kwa Kinyozi

Nyumbani,
Chumba cha nyuma.

Jumapili, tarehe 9 Juni. Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi, mvua bado.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu marehemu mama alitulea hivyo, na hasira zangu hazinipi ruhusa ya kuvunja malezi yake. Mgongo unaendeleaje? Ule mto niliokushonea unaukalia kwenye lori, au umeugeuza wa kulalia? Wifi hajambo? Kikohozi chake kimekwisha? Sisi huku tu wazima. Mama Mkubwa magoti yanamsumbua kukiwa na baridi kama leo, lakini anakula, analala na kugomba kama kawaida yake.

Salamu zimetosha. Sasa tuongee.

Jana nilikukatia simu. Najua hujawahi kukatiwa simu na mdogo wako, na najua mpaka dakika hii umenuna. Siombi radhi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na safari hii utanisoma mpaka mwisho. Chatu wako Komando haendi kwa kinyozi. Jana hakwenda, Jumatano hataenda, na hata ukiniambia mara mia kwamba wewe ndiye mkubwa, bado hataenda.

Nikueleze kilichotokea, maana rafiki yako huyo kinyozi lazima ameshakusimulia kwa namna inayomfaa yeye.

Jumamosi natoka kazini mchana. Nilipofungua mlango nilimkuta kinyozi sebuleni ameshika gunia tupu. Mbele ya kabati la Komando alikuwa amesimama Mama Mkubwa, ameshika koleo la jikoni, na kwenye koleo ananing'inia panya mzima, anapiga kelele. Kaka, huyu ni Mama Mkubwa yule yule aliyeapa kwamba siku nyoka akiingia ndani yeye anatoka. Tangu uondoke amekuwa akipita mbele ya lile kabati kiubavuubavu, na jina la Komando hajawahi kulitamka. Anamwita "yule mpangaji".

"Ondoa uchafu wako," alikuwa akimwambia kinyozi. "Mimi huyu nyoka simpendi, tena hata kidogo. Lakini haliwi na panya ndani ya nyumba hii nami nimekaa naangalia!"

"Mama, mimi nimetumwa tu," kinyozi akasema.

"Basi aliyekutuma mpelekee panya wake."

Aliyemtuma ni wewe. Wewe ndiye uliyemwambia amtafutie nyoka panya hai, ashibe kwanza, ndipo ambebe. Kwanza, nyoka aliyetoka kula habebwi kwenye gunia mjini, atatapika. Pili, Komando alikuwa anakaribia kujivua gamba. Tangu Jumatano macho yake yalikuwa meupe kama maji yaliyotiwa maziwa, nimeliandika hilo kwenye shajara yangu. Nyoka akiwa katika hali hiyo haoni vizuri, chakula hakitaki, anachotaka ni giza na kuachwa. Kinyozi aliyaona macho yale akadhani ni ya njaa! Akamtumbukiza panya, akafunga kioo, akaketi kwenye kochi akaanza kuchezea simu yake. Panya amefungiwa na nyoka asiyemtaka, na panya naye ana meno na ana woga. Alimtafuna Komando mgongoni mahali pawili mpaka nyama ikaonekana. Mama Mkubwa alisikia mikwaruzo akiwa jikoni. Alipoona damu kwenye kioo, akaingiza mkono wake mwenyewe na lile koleo, akamtoa panya.

 

Kinyozi alipoona mambo yamekuwa magumu, akakupigia, akaniwekea simu sikioni. Nikakwambia nyoka ameumia. Ukasema atapona. Nikakwambia sipendi aende. Ukasema, "Wewe mtoto, ni nyoka tu, tena ni wangu, na mwenzangu nimeshamuahidi. Mpe aondoke naye." Hapo ndipo nilipokata. Kinyozi akaondoka na gunia lake tupu, akasema atarudi Jumatano.

Ni wako? Ngoja nikukumbushe ulivyomwacha.

Ulimwacha kwenye sanduku la kioo juu ya friji, mkabala na dirisha. Jua la mchana lilikuwa linamchoma, usiku baridi inamgandisha. Mfuniko ulikuwa kipande cha mbao kilichokandamizwa na pasi. Pasi, kaka! Wiki ya pili alishaisukuma akatoka, tukamkuta nyuma ya friji amejiviringisha kwenye mota kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Ndani ya sanduku ulikuwa umetundika balbu wazi, naye alikuwa anaikumbatia usiku. Kovu la kuungua tumboni alilipatia pale. Siku zile nilikuwa namwogopa kuliko Mama Mkubwa. Nilimshika kwa glavu mbilimbili, moja juu ya nyingine, jasho linanitoka mpaka kisigino. Lakini uliniambia "mwangalie mpaka nirudi", na mimi nikiambiwa niangalie kitu, nakiangalia.

Siku nilipokwambia nimemhamisha, ukaniuliza kwa ukali nani aliniruhusu kukata kabati la nguo la baba. Sikukujibu siku ile. Nakujibu leo: sikumwomba mtu. Lilikuwa limejaa magazeti na kiatu chako kimoja.

Fundi seremala alinicheka nilipomwambia atoboe matundu ubavuni. "Dada, nguo zako zinapumua?" Nilipomwambia zitakuwa nguo za aina gani, aliacha kucheka, akafanya kazi akiwa amesimama upande wa mlango. Hata hivyo alifanya vizuri. Mbele tumeweka vioo viwili vya kutelezesha, vina kufuli, ingawa jana asubuhi nililisahau wazi. Pande nyingine tatu ni mbao, kwa sababu chatu wa namna hii akionekana kila upande hapumziki. Upande mmoja chini ya sakafu kuna mkeka wa joto wa umeme, na kuna kifaa kinachouzima chenyewe joto likizidi. Mara ya kwanza niliujaribu bila kile kifaa, na kabati likiwa tupu. Ukapanda mpaka nyuzi arobaini na tano. Angekuwemo ndani, angepikwa. Mimi kazini nashinda na mashine za kutotoleshea vifaranga, nimeshaona nyuzi mbili tu zikiua trei nzima ya mayai, kwa hiyo usiniambie nazidisha mambo.

Sasa upande wa joto unakaa kwenye nyuzi thelathini na mbili, upande wa baridi ishirini na sita, na katikati anachagua mwenyewe. Kila upande una kificho chake, chungu kilichopinduliwa kikatobolewa mlango, kinambana mbavu kidogo, ndivyo anavyopenda. Alipokuwa na kificho kimoja tu upande wa joto, alikuwa anavumilia joto ili asionekane. Sikulijua hilo mpaka nilipomwona anahema mdomo wazi. Chini nimetandika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yanashika unyevu. Maranda ya mbao yale seremala aliyotaka kunipa bure niliyakataa, yana harufu kali na vumbi lake linaingia kwenye mapafu. Bakuli la maji ni zito ili asilipindue, naliosha kila asubuhi kabla sijaosha uso. Na panya anaopewa ni waliokufa tayari, waliogandishwa, ninaowayeyusha kwenye maji ya moto na kumshikia kwa koleo lake refu. Hajawahi kutafunwa na chakula chake. Mpaka jana.

Sasa huko kwa kinyozi unakotaka aende, nimekwenda kupaona kwa macho yangu. Nilipita leo baada ya saa nne, hata kama ni Jumapili anafungua. Sanduku la kioo ameshaliweka tayari kwenye meza chini ya vioo vya wateja. Kioo mbele, kioo nyuma, taa juu. Spika ya muziki iko kwenye meza ile ile, ukiweka kiganja mezani unasikia mtetemo mpaka kwenye meno. Nikamuuliza maficho yako wapi.

"Dada, nyoka akijificha ana faida gani?" akasema. "Watu wataona nini? Nataka mtu akishanyolewa, anavishwa shingoni, anapiga picha, anatoka anacheka."

"Na yeye anayevishwa watu kutwa nzima, atacheka?"

"Nyoka anacheka?" akawageukia wateja wake, wote wakaangua kicheko. Mmoja ana povu la sabuni nusu ya uso.

Sikucheka. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiongea peke yangu kama mwehu.

Kaka, kinachonichoma si kinyozi. Yeye hajui, tena hajifanyi anajua. Kinachonichoma ni wewe. Ulimpata huyu nyoka ndani ya boksi la viatu, ukajisifu naye mtaa mzima, ukampa jina la kivita, halafu ukaondoka ukaniachia mimi mavi yake, kuungua kwake na kutoroka kwake. Tangu uondoke hujaniuliza hata mara moja anakula nini. Leo mtu amekupigia simu ya kirafiki, umemkabidhi kiumbe kama unavyomwazima mtu mwavuli. Na mimi niliyekaa naye nikasema hapana, nikaitwa mtoto. Nina miaka thelathini na nne. Nyumba hii naiendesha mimi.

Hali yake ilivyo: nimeondoa makumbi yote nikatandika karatasi nyeupe, ili takataka zisigande kwenye vidonda. Vidonda nimeviosha kwa dawa iliyozimuliwa. Kimoja ni cha juu juu, kingine kimeingia ndani. Nimezidisha unyevu kwa kitambaa kibichi ndani ya kificho, kwa kuwa gamba lazima litoke na mahali palipotafunwa linaweza kukwama. Simshiki isipokuwa kwa dawa. Daktari wa mifugo anayekuja kiwandani kwetu amekubali kumwona kesho jioni, ingawa amenionya kwamba yeye ni mtu wa kuku. Nimemwambia aje tu. Kama kile kidonda kitaoza, tutampoteza. Nataka ulijue hilo ukiwa umekaa huko mgodini unaninunia.

Jumatano kinyozi akija atakuta mlango umefungwa na Mama Mkubwa ndani. Jana usiku aliniomba ufunguo wa kabati, akautia kwenye mfuko wa sidiria. Amesema anayeutaka aje auchukue humo.

Na hiki ndicho ninachokwambia, kwa heshima zote na bila kurudi nyuma. Komando anakaa hapa. Ukirudi likizo, njoo, keti mbele ya lile kabati, jifunze kusoma vile vipimajoto viwili, umlishe, umsafishie, umwone anapoumwa. Ukiweza hayo nami nikaona unayaweza, tutakaa sisi wawili na Mama Mkubwa tuzungumze ni wa nani. Huwezi, basi usinipigie tena simu kumhusu. Ya mgongo wako nipigie, ya wifi nipigie, saa yoyote nitapokea.

Mpigie kinyozi mara tu uisomapo barua hii, umwambie umebadilisha mawazo. Umwambie wewe, siyo mimi. Wewe ndiye uliyeahidi.

Msalimie sana wifi, mwambie sina neno naye, na kile kitambaa alichoniagiza kipo tayari. Wasalimie na madereva wenzako. Mama Mkubwa anakusalimia, ila amenituma nikwambie salamu hizo ni nusu, nusu nyingine ataitoa atakaposikia umefanya nini. Mungu akulinde kwenye zile barabara za mashimo, akushushe salama kutoka kwenye lori kila jioni, na moyo wako aulainishe kidogo.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na leo nimekukasirikia.

N.B. Barua nilimaliza saa mbili usiku. Nimeisoma upya ili nitoe maneno makali. Nimetoa mawili. Sasa ni saa tano kasorobo, nazima taa nilale.