Kitanda cha Mkwe Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Vyumba vinne kabla ya saa tano. Chumba cha Chifu nilikiacha mwisho kama kawaida. Kitanda chake ni kipana kuliko jiko langu, na shuka zake hazitaki haraka. Hakuna mkunjo hata mmoja. Miaka sita natandika hapa na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Meneja alisema hivyo leo mbele ya wenzangu. Nilifurahi, nakubali.

Jengo hili la hoteli wageni wanaliita kasri. Sisi wa Magwagwa tulilijua kama nyumba ya chifu, na kabla halijakarabatiwa lilikuwa la popo.

Jumanne, 5 Agosti
Kemunto, binti yangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Anakuja na mumewe Alhamisi, waadhimishe miaka mitano ya ndoa hapa hotelini. Wamechukua Chumba cha Chifu. Alitaka kunishangaza. Amenishangaza kweli.

Mkwe wangu alale pale, halafu asubuhi mimi niingie kutandua shuka zake? Sisi Wagusii tuna ensoni, haya ya wakwe. Mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe, sembuse kukigusa. Nikamwambia Kemunto. Akacheka, eti hayo ni mambo ya nyanya zetu. Nikakata simu. Nina hasira naye.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeongea na Moraa, mwenzangu wa zamu. Yeye ashike Chumba cha Chifu, mimi nishike vyake vya bustanini. Jambo dogo. Limekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Halijakwisha. Meneja ameona jina la Moraa kwenye orodha ya zamu, akalifuta. Chumba cha Chifu ni changu, anasema, na mila tuziache nyumbani. Mila! Pale mapokezi ametundika ngozi na vigoda, na kibao kirefu kuhusu heshima ya Wagusii. Wageni wanapigia picha hapo. Mila ya ukutani inafaa, yangu haifai.

Wamefika alasiri. Mkwe aliniona kwenye korido, akainamisha macho, akanipisha. Nikapita upande wangu. Kijana amelelewa. Binti yangu ndiye aliyetaka tukumbatiane sote pale kama wachezaji wa mpira.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekataa.

Saa nne nilifika mlangoni na shuka safi, nikaziweka kizingitini, nikageuka. Meneja akanikuta kwenye ngazi.

"Mama Kemunto, ingia utandike hiyo kitanda ama utoke kwa hii kazi."

"Nitoe basi. Lakini huko ndani siingii."

Nikampita, nikashuka ngazi.

Hakunifukuza. Amenishusha dobi, kwenye kufua, kuanzia kesho. Miaka sita ya vyumba imeisha kwa kitanda kimoja. Nililia chooni, kidogo, nikanawa uso. Sijutii. Na msamaha siombi.

Moraa alimweleza Kemunto. Binti yangu akaja kunifokea kwamba namwaibisha mbele ya watu. Nikamwacha aseme mpaka akachoka.

Jumamosi, 9 Agosti
Dobi. Joto, mvuke, mgongo unauma.

Saa tano kikaletwa kikapu cha Chumba cha Chifu. Nikacheka peke yangu. Nimekikimbia kitanda, kitanda kimenifuata. Nilikisukuma kikapu ukutani kwa mguu, nikafua vya wengine vyote. Msimamizi wa dobi anasema shuka zile zisipofuliwa kesho kufikia saa sita, anamwita meneja, na safari hii ni barua ya kufukuzwa. Amwite.

Jumapili, 10 Agosti
Nilitoka misa ya kwanza nikaja moja kwa moja.

Kemunto alikuwa ndani ya dobi; Moraa alimwambia kuhusu kikapu. Mgeni wa Chumba cha Chifu, leso kiunoni, povu hadi viwikoni. Anafua shuka zake kwa mkono. Msimamizi alimwambia mashine iko, akaendelea kusugua. Hata mimi hakunitazama.

Alisuuza, akakamua, akazibeba mwenyewe hadi kwenye kamba nyuma ya jikoni. Nikamfuata. Nilisimama hatua chache kutoka kwake, nikampokeza vibanio kimoja kimoja, macho yangu yakiwa kwenye majani chai ng'ambo ya ua.

Wameondoka saa nane. Kesho niko dobi tena.