Msiba wa Mama wa Udaktari

Ujerumani,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo sijapiga simu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Deo unaitumia, au umeifungia kabatini ikusubiri uumwe zaidi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kanisani naenda. Roho ndiyo haiko sawa, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Nikisikia sauti yako nitalia, na wewe utalia, na bando litaisha hatujaambiana kitu. Barua hii anakuja nayo sista mmoja anayerudi Sumbawanga, ameniahidi kuifikisha mpaka Mpanda.

Wifi Rozi, najua msomaji ni wewe. Tafadhali msomee Mama yote. Usiruke mahali kwa kumwonea huruma, nakujua.

Mama, Profesa Inge amefariki. Yule mzungu mwenye nywele fupi nyeupe uliyeongea naye kwa video ukamuuliza kama ameshakula, naye akacheka kwa sababu huku hakuna anayemuuliza mtu hivyo. Moyo ulisimama asubuhi akiwa bustanini kwake, anapalilia. Mimi nilikuwa namsubiri chuoni na sura ya nne ya kazi yangu. Nilisubiri mpaka chai niliyomtengea ikapoa, ndipo katibu akaja akanishika bega.

Nikueleze alikuwa nani kwangu, maana nikisema "msimamizi" unaweza kudhani ni kama msimamizi wa ghala la tumbaku. Mwanafunzi wa udaktari huu wa vitabu, si wa hospitali, huku hakai darasani akafundishwa. Anapewa mtu mmoja, wanafuatana miaka. Akikosea anakosolewa na huyo, akikwama anavutwa na huyo. Akiwa mwanamke wanamwita mama wa udaktari. Na kweli alikuwa mama. Mwaka wa kwanza, baridi na upweke viliponizidi nikataka kurudi, alinivalisha koti lake mwenyewe, akaniambia nitarudi kwetu baada ya kumaliza, si kabla. Ufadhili wangu ulipotaka kukatika kwa sababu majani ya mpunga ya kupima, kutoka huko kwetu, yalikwama bandarini, ni yeye aliyeandika barua, akapiga simu, mwisho akaenda kukaa nje ya ofisi ya wafadhili mpaka wakamsikiliza.

Na kalamu yake nyekundu, Mama! Ukurasa ulikuwa unarudi kama umechinjiwa kuku juu yake. "Hapa umerudia. Hapa hujathibitisha. Hapa unanidanganya, Resti." Jioni namchukia, asubuhi nasoma tena nakuta yuko sahihi.

Siku moja tulikuwa kwenye nyumba ya vioo, huko tulikooteshea mpunga wa utafiti, nikamsimulia habari za watani. Hakuamini. Nikamweleza msiba wa Baba, jinsi Masanja, mtani wetu wa Misunkumilo, alivyovaa koti la marehemu, akakohoa kama yeye, akaanza kumgombeza Deo mbele za watu, "We mtoto, ng'ombe unafunga hivyo, unamfunga mbuzi?" Na wewe ambaye tangu jana yake ulikuwa hujafungua mdomo, ukacheka mpaka ukashikwa, na baada ya kucheka ndipo ukaweza kulia. Profesa akasema, "Mimi huku sina mtani. Nikifa watasimama waseme maneno mazuri ambayo hayanihusu. Basi mtani wangu uwe wewe." Tukapeana mikono kwa kicheko, tukaendelea kumwagilia.

Mama, ahadi ni deni. Nikalilipa, na sijui kama nilifanya vizuri.

Baada ya maziko tulikwenda kwenye ukumbi mdogo, kahawa na keki mezani. Watu wamevaa nyeusi, wananong'ona. Hakuna mkeka, hakuna moto uani, hakuna mwanamke aliyekuja na unga kichwani. Hakuna anayelia. Mumewe, mzee Klaus, amekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, macho makavu kabisa. Mkuu wa idara yetu akasimama akasoma hotuba ndefu kwenye karatasi, akamaliza, akaiweka mezani. Nilimtazama mzee Klaus nikaona huyu mtu atapasuka. Nikainuka. Nikashusha miwani yangu mpaka kwenye ncha ya pua kama alivyokuwa akifanya marehemu, nikatoa kalamu nyekundu, nikaichukua ile hotuba nikaanza kwa sauti yake: "Hapa umerudia. Hapa hujathibitisha. Eti hakuwahi kukasirika? Hapa unanidanganya!"

Ukumbi ukafa ganzi. Kwetu watu wangeangua kicheko, mmoja angenijibu, mwingine angenifukuza na mwiko. Huku nilisikia kijiko kimoja tu kikigonga kisahani. Mkuu wa idara uso ulimwiva. Mzee Klaus akasimama, akatoka nje. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua nimemwaibisha marehemu, na mimi mwenyewe nimejiharibia, maana niliyemkosoa hotuba ndiye wa kuamua kama nitapata msimamizi mwingine. Hapa chuoni, mwanafunzi asiye na msimamizi hana ufadhili, na asiye na ufadhili hana kibali cha kukaa nchini.

Nilimfuata mzee nje nimwombe radhi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mabega yanamtetemeka. Nikaanza kujieleza, kwetu hivi, kwetu vile. Akainua mkono ninyamaze. Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Miwani, kalamu, sauti, vyote. Akacheka kidogo, halafu akalia, Mama, kilio cha mtu mzima, cha sauti, nami nikakaa kando yake nikalia kama tunavyolia sisi. Sikusikia kilio kingine kwenye msiba ule.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara akaniita. Nilikwenda nimeshafungasha moyoni. Kumbe mzee Klaus alikuwa amekwisha kumweleza, naye mkuu hakuwa na kinyongo, hata kahawa alinikaribisha. Lakini aliyonieleza yalikuwa mazito kuliko kufukuzwa. Utafiti wetu wa kimyanga, huo ugonjwa unaoufanya mpunga wenu kuwa njano na kukataa kuzaa, uliandikwa kwa jina la Profesa Inge. Yeye hayupo, wafadhili wameufunga. Wameniulizia vyuo vingine, hakuna msimamizi wa mpunga mwenye nafasi. Mkuu mwenyewe yuko tayari kunichukua, na ufadhili upo, ila ni wa ngano. Magonjwa ya ngano ya huku kwao. Na nitaanza upya, kama niliyefika jana.

Ngano, Mama, ambayo sisi tunaijua ikishakuwa andazi.

Nilizunguka na jambo hilo siku nyingi. Mambo ya namna hii nilikuwa nayapeleka kwa Profesa, nakaa kwenye kile kiti chake kibovu, ananihoji mpaka najua ninachotaka. Mlango wake sasa umefungwa, wameshatoa na jina. Nikirudi nyumbani leo narudi mikono mitupu, na kazi ya nusu ambayo hakuna chuo kitakachoipokea. Nikibaki nitakuwa daktari, lakini si wa shamba letu. Mara ngapi nimeshika simu nikupigie, nikaiweka. Ungesema, "Njoo mwanangu," nami ningekuja.

Alhamisi nimetia saini. Nimechukua ngano.

Kesho yake nikaambiwa nyumba ya vioo inatakiwa na wenzangu. Ule mpunga nilioupanda kwa mbegu ulizonifungia kwenye kitambaa nimeung'oa kwa mikono yangu, shina kwa shina, nikaupeleka kuchomwa, maana sheria zao haziruhusu mmea mgonjwa kutoka. Mwingine ulikuwa umeanza kuchanua. Harufu ilikuwa ileile ya mashamba yetu ya bondeni Mwamkulu. Nilikaa sakafuni na udongo mikononi nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo Krismasi sitakuja, Mama. Na ile nyingine pia sioni kama nitakuja, maana anayeanza upya hapewi likizo ndefu. Sijasahau ulivyoniambia mara ya mwisho: "Nyie wasomi mnachelewa kama mvua. Mimi na goti hili sijui kama tutakusubiri." Nisubiri tu. Najua nakuomba kitu ambacho si chako kutoa, lakini nisubiri.

Nisalimie kaka Deo hapo dukani kwake Makanyagio, mwambie nashukuru kwa dawa ya goti na asichoke. Shangazi Tekla, aliyenisomea rozari siku naondoka, mwambie aendelee, ataje na jina la Inge. Katekista wetu nisalimie, aombewe misa marehemu kama itawezekana. Rozi, asante kwa kusoma, na kama umelia pumzika kwanza, Mama hatakimbia.

Limebaki moja. Wale majirani zetu wa bondeni, uliowaambia kwamba binti yako amekwenda kutafuta dawa ya kimyanga, waambie wewe mwenyewe, wasisikie kwa watu. Msimu huu wakiona jani limeanza kuwa njano wasiliache wakisema Resti yuko njiani. Wang'oe mche mapema, waufukie mbali na maji.

Waambie wasinisubiri.

Mwanao,
Restituta