Wivu Ulionipeleka Kimbo

Kiganjo, Thika
Jumapili

Kwa dada yangu mpenzi Khamisa,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu sasa baridi ya Nyahururu imepungua. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, Kiganjo ni matope mlango hadi mlango, na Omar anakusalimu ingawa hajui ninakuandikia nini. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa maana kwa simu ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Unaijua kazi ya Omar. Kila Jumamosi huwachukua wageni wanaopenda kupiga picha za maumbile, akawapeleka maporomoko ya Fourteen Falls, mara nyingine Kilimambogo au mashamba ya kahawa ya Ruiru, akawafundisha kusubiri mwanga na kuyafanya maji yaonekane laini kama maziwa. Mimi nami huenda. Nabeba chupa za chai na mahamri, natandika mkeka, nawashikia wageni mikoba wakivuka mawe. Ndiyo kazi yangu tangu tuoane, na sikuwahi kulalamika.

Mwaka huu, baada ya Idi, akaja mwanamke anaitwa Jackie. Ana saluni kule Kimbo, mcheshi, anavaa gambuti nyekundu. Wageni wengine huja mara moja wakatosheka. Huyu alirudi Jumamosi iliyofuata, akarudi tena. Omar akamwazima kamera yake ya zamani, ile ambayo mimi hata kuifuta vumbi sikuruhusiwa. Nikawa nawatazama kutoka mkekani. Omar anasimama nyuma yake, anamwambia apumue taratibu, ayaache maji yaje yenyewe, ndipo abonyeze. Jackie akipata picha nzuri, Omar anacheka kicheko ambacho mimi nilishakisahau. Khamisa, chai ilikuwa inanimwagikia mkononi na sihisi moto.

Nyumbani nikaanza mafumbo. Akisema ugali ni mgumu, namwambia akale Kimbo. Siku moja alipoingia kuoga, nikaichukua kamera yake mpya nikapekua picha zote nikiutafuta uso wa yule mwanamke. Sikuona hata kidole chake. Mawe, maji, ndege mdiria juu ya tawi. Ungedhani nilifurahi. Nilikasirika zaidi, na sikujua kwa nini.

Basi nikajifunga leso kiunoni, nikaenda Kimbo bila kuaga. Nilimkuta Jackie anamsuka mteja. Nikamwambia mbele ya huyo mteja kwamba mume wangu si wa kuazimwa kama kamera. Jackie akaweka kitana chini, akanitoa nje polepole, akaniambia ana mume wake na anamtosha, tena anamchosha. Kisha akaniuliza, "Na wewe, mama, hupenda kupiga picha za nini?"

Nikamwambia mimi hubeba chai.

Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kamera ya Omar, akaniwekea mikononi. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma mahindi, na jua la jioni limepenya katikati ya moshi wake. Jackie akamwomba ruhusa. Nikapumua taratibu, nikabonyeza. Maneno yote ambayo Omar amekuwa akiwaambia wageni miaka hiyo yote yalikuwa yamekaa ndani yangu, halikupotea hata moja. Nilipoiona ile picha nililia pale pale barabarani. Ndipo nikaelewa, dada. Mume hakuwa ameibwa na mtu. Nilichokuwa nikimwonea Jackie wivu ni kule kufundishwa.

Kesho yake, tukinywa chai, nikamwomba Omar anifundishe. Hakutaka kuniudhi, najua. Alitabasamu tu kama mtu aliyeombwa peremende na mtoto, akasema, "Sasa wageni nani atawapikia?" Nikammiminia chai nyingine, naye akadhani nimekubali.

Sasa nifike penyewe. Zile siku nilizokuambia naenda darasa la akina mama msikitini, nilikuwa na Jackie. Unisamehe kwa uongo huo. Tulizunguka naye Ruiru yote, kwenye mibuni iliyochanua maua meupe, kando ya mto, tukijifunza pamoja. Jackie alipojinunulia kamera yake, ile ya Omar hakumrudishia yeye. Alinipa mimi. Na jana, Khamisa, nimeongoza safari yangu mwenyewe. Nilichukua wanawake kutoka Githurai 45 na Ruiru, wengi wao ni wale ambao waume zao hawataki waandamane na kiongozi mwanamume, nikawapeleka Fourteen Falls.

Omar nilikuwa nimemwambia mgongo unaniuma. Alikuwa ng'ambo ya mto na wageni wake. Aliponiona, nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja nikimwambia apumue. Akatutazama mpaka mgeni wake akamwita mara mbili.

Nyumbani hakufoka. Aliomba kuona picha. Akazipitia harakaharaka mpaka akafika kwenye ya mwanamke aliyeinama kunawa uso, na povu la maji nyuma yake limeshika jua. Akaikuza, akauliza nilisimama wapi. Nikamwambia. Akasema amekwenda pale miaka yote na mwanga ule hajawahi kuupata. Kisha, bila kunitazama, akataka kujua wale wanawake niliwatoa wapi, Jackie hukutana nami siku gani, na tulikuwa tukicheka nini pale juu ya mawe.

Niliutambua ule wivu, dada. Ningeweza kumtuliza kwa neno moja, na nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema. Nilikaa nikautazama usoni mwake, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyewahi kukaa nyumbani kwake muda mrefu.

Mama usimwambie kabla sijamwambia mwenyewe, maana atauliza Omar anakula nini. Akishajua akauliza, mjibu kwamba leo Omar mwenyewe amepika ndengu, zimeungua kidogo, na tumezila. Nisalimie shemeji, wapakate watoto kwa niaba yangu, na goti ulifunge kitambaa cha sufu hata kama hakuna baridi. Mungu akuweke mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Firdaus